Sigara Nje ya Mlango: Kanuni Nyepesi kwa Nyumba Kubwa, Nzito kwa Chumba Kimoja

Marufuku ya sigara nyumbani ni mambo mawili yanayotembea kwa jina moja. La kwanza ni pale familia yenyewe inapokaa na kukubaliana: ndani ya nyumba hii hakuna atakayewasha sigara, awe baba, shemeji au mgeni. La pili ni pale mwenye nyumba, halmashauri au serikali inapoandika kwenye mkataba wa kupanga kwamba anayevuta ndani ya jengo amevunja masharti. Lile la kwanza halina askari. La pili linaweza kukutoa kwenye nyumba wewe na watoto wako. Mjadala mwingi unaharibika hapa, kwa sababu ushahidi wa faida za lile la kwanza hubebwa na kwenda kulitetea la pili, na malalamiko juu ya la pili hutumika kulibeza la kwanza. Wanaobanwa zaidi na mkanganyiko huu ni watu wa kipato cha chini, ambao ndio wanaoathirika zaidi na moshi na ndio wanaopata shida zaidi kuutoa nje.

Tuanze na moshi wenyewe, maana usipoelewa unavyotembea, kila kanuni itaonekana kama ukali wa bure.

Sigara iliyowashwa hutoa moshi kwa njia mbili. Upo ule anaouvuta mvutaji kupitia kichungi kisha akautoa mdomoni. Na upo ule unaopanda moja kwa moja kutoka kwenye ncha inayoungua, sigara ikiwa imeshikwa vidoleni au imelazwa kwenye kisahani cha majivu. Huu wa pili haupiti kwenye kichungi chochote, na ndio sehemu kubwa ya moshi unaobaki chumbani. Kwa hiyo yule anayeinama dirishani na kupuliza kwa adabu kuelekea nje ameshughulikia sehemu ndogo. Sehemu kubwa inaendelea kupanda taratibu kutoka mkononi mwake. Isitoshe, dirisha hupitisha hewa kwa pande zote mbili, na upepo ukielekea ndani moshi nao unarudi.

Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Una pia chembechembe ndogo sana ambazo wataalamu huzipa jina la PM2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri chembe hizi zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Watafiti wa Scotland walipopima hewa ndani ya nyumba za wavutaji walikuta kiwango cha kati cha mikrogramu 31. Kwenye nyumba zisizo na sigara kilikuwa 3. Hiyo ni mara kumi, katika nchi yenye hewa safi ya nje, ndani ya sebule ambazo wenyewe hawaoni moshi wowote. Macho hayasaidii sana hapa. Moshi unaoonekana hutoweka kwa dakika chache, lakini chembe hizi huelea kwa saa kadhaa baada ya kipisi kuzimwa.

Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ililisema jambo hili bila kumung'unya maneno: hakuna kiwango cha moshi wa sigara za wengine kinachoweza kuitwa salama, na kutenganisha wavutaji na wasiovuta, kusafisha hewa kwa mashine au kufungua madirisha hakuuondoi wote. Maana ya sentensi hiyo ya mwisho imewapita watu wengi, nami nitairudia hapo chini.

Ushahidi kwamba moshi wa nyumbani unaua ulitoka nyumbani hasa. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi wake 91,540 wasiovuta sigara. Wale ambao waume zao walivuta sana walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta, na hatari ilipanda kadiri sigara za mume zilivyoongezeka. Wanawake hao hawakuwahi kushika sigara. Watetezi wa tumbaku waliushambulia utafiti huo kwa nguvu zote, lakini tafiti zilizofuata katika nchi nyingine zikaelekea kulekule.

Kwa watoto orodha ni ndefu: pumu inayozidi, maambukizi ya masikio yanayojirudia, mkamba na nimonia, na kwa wachanga, kifo cha ghafla usingizini. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na hana uwezo wa kusema "natoka kidogo." Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2011 kwenye jarida la kitabibu la The Lancet, kwa takwimu za mwaka 2004 kutoka nchi 192, yalionyesha kwamba asilimia 40 ya watoto duniani walikuwa wanavuta moshi wa wengine, na kwamba moshi huo uliua watu wapatao 603,000 kwa mwaka mmoja. Kati yao 165,000 walikuwa watoto waliokufa kwa maambukizi ya njia ya hewa. Theluthi mbili ya vifo hivyo vya watoto vilitokea Afrika na kusini mwa Asia, mahali ambapo moshi na magonjwa ya kuambukiza hukutana kwenye kifua kimoja, na hospitali iko mbali.

Nusu marufuku

Nyumba nyingi za wavutaji zina kanuni fulani tayari, ila kanuni yenyewe huwa na matundu. Sigara inavutwa jikoni tu. Au dirishani tu. Au watoto wakishalala. Au hakuna anayeruhusiwa isipokuwa babu, kwa sababu babu ni babu. Familia inaona imefanya jambo, na kwa kweli imejitahidi, lakini kinga inayopatikana ni ndogo mno. Njia ya kulijua hilo ni kupima kotinini, yaani kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini, na ambayo huonekana kwenye mate, damu au mkojo wa mtu hata kama hajawahi kuvuta. Watoto wa nyumba zenye marufuku kamili huwa na kotinini ya chini. Wale wa nyumba za nusu marufuku huwa karibu zaidi na wenzao wa nyumba zisizo na kanuni kabisa.

Sababu ni ileile ya ripoti ya mwaka 2006. Hewa ya nyumba ni moja. Kumwambia mtu avutie upande wa dirishani ni kama kutia chumvi upande mmoja wa sufuria.

Na hata ukisubiri watoto waondoke, kuna kile kinachobaki. Nikotini hunata kwenye kuta, mapazia, magodoro, zulia na nguo. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba nikotini iliyonata hivyo inaweza kuungana na asidi ya nitrasi, ambayo hutokana na vitu kama majiko ya gesi na moshi wa magari, ikazalisha kemikali zinazosababisha saratani. Mwaka uliofuata watafiti wa California waliingia kwenye nyumba ambazo wavutaji walikuwa wamehama. Nyumba zilikuwa zimekaa tupu kama miezi miwili na kusafishwa kwa ajili ya wapangaji wapya, nyingine zimepakwa rangi na kuwekewa zulia jipya. Nikotini ilikuwa bado imo kwenye vumbi na kwenye kuta, na ilionekana hata kwenye vidole vya wakazi wapya wasiovuta. Anayepanga nyumba ya bei nafuu hana nafasi ya kuuliza historia ya kuta zake.

Sheria ikifika mlangoni husimama

Mkataba wa WHO wa Udhibiti wa Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi wanachama kuwalinda watu dhidi ya moshi kwenye sehemu za kazi za ndani, vyombo vya usafiri wa umma na sehemu za umma za ndani. Hayo yamo kwenye ibara ya 8. Nyumba ya mtu haikutajwa, na si kwa kusahau. Serikali chache zinataka kuonekana zikichungulia sebuleni kwa watu, na kwa maoni yangu ni heri ziwe hivyo.

Ireland ilipokuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku sigara kwenye sehemu zote za kazi za ndani, mwezi Machi 2004, kukawa na hofu moja iliyoonekana ya maana: wanaume wakifukuzwa na sigara zao kwenye baa watarudi kuzivutia mbele ya watoto. Scotland ilifuata mwaka 2006, na watafiti wakaenda kupima mate ya wanafunzi wa umri wa miaka 11 kabla na baada ya sheria. Kotinini ilishuka kwa asilimia 39. Hofu haikutimia. Ila ndani ya takwimu hiyo nzuri kulikuwa na jambo la kusikitisha: nafuu kubwa ilikwenda kwa watoto ambao wazazi wao hawavuti, au ambao baba peke yake ndiye anayevuta. Kwa wale ambao mama anavuta, au wazazi wote wawili wanavuta, hakukuwa na mabadiliko ya maana. Sheria ya baa ilimsaidia zaidi mtoto ambaye tayari alikuwa na afadhali.

Marekani nako ramani ni hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni asilimia 43 tu ya kaya zilizokuwa na kanuni ya kutovuta ndani. Kufikia 2010 na 2011 zilikuwa asilimia 83, bila sheria yoyote kuwalazimisha. Mtazamo wa watu ulibadilika, basi. Katika kaya zenye mvutaji angalau mmoja kiwango kilitoka chini ya asilimia 10 hadi 46, na hayo ni mapinduzi, lakini bado zaidi ya nusu ya kaya hizo hazikuwa na marufuku. Na wavutaji wanazidi kuwa watu wa kipato cha chini na elimu ndogo, kwa hiyo tatizo lililobaki limejikusanya kwenye nyumba zilezile.

Umaskini unaingilia wapi

Jibu jepesi ni kwamba hawaelewi madhara. Sikubaliani nalo. Ukiwauliza wazazi wanaovuta, wengi watakuambia wenyewe kwamba moshi haufai kwa mtoto, na watakueleza kwa kirefu wanavyoficha sigara, wanavyopuliza juu, wanavyobadilisha shati. Elimu ipo, kinachokosekana ni mahali.

Chukua mama anayelea peke yake mtoto wa mwaka mmoja kwenye ghorofa ya saba, chumba na sebule, hakuna kibaraza, lifti mbovu. Saa tatu usiku mtoto amelala, arosto, ile hamu kali ya sigara, imemshika. Akivuta ndani anajua anachokifanya. Akishuka chini atamwacha mtoto peke yake kwa dakika 10 au zaidi, jambo ambalo mzazi yeyote mwenye akili timamu halifanyi, na ambalo mahali pengine linaweza kumletea kesi. Akimwamsha na kumbeba, amemtoa usingizini na kumpeleka kusimama gizani kwenye eneo ambalo yeye mwenyewe hapendi kupita usiku. Anafungua dirisha la jikoni, anafunga mlango, anavuta haraka. Mtu mwenye nyumba ya chini yenye uwanja husema "nenda nje" kwa urahisi kwa sababu kwake nje ni hatua tano.

Halafu kuna suala la nani mwenye kauli. Katika kaya nyingi mvutaji ndiye anayelipa kodi, na anayeumia ni yule asiye na sauti: mke, mkwe anayeishi kwa wazazi wa mumewe, mtoto, mfanyakazi wa ndani. Kanuni inahitaji mtu wa kuitamka na mtu wa kuikubali. Mke anaweza kujua kila takwimu niliyoiandika hapa na bado akanyamaza, akipima kati ya moshi na ugomvi. Anayekaa kwa ndugu kwa sababu hana pa kwenda hawezi kumwambia mwenye nyumba azime sigara. Na hata mvutaji mwenyewe hayuko huru kama tunavyopenda kuamini. Nikotini ina ratiba yake. Mtu anayefanya kazi za zamu, mwenye madeni, asiye na dawa za kumsaidia kuacha wala mtu wa kumshauri, sigara ndiyo mapumziko pekee ambayo hakuna bosi anayeyakata.

Na kuna jirani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliwalinganisha watoto ambao nyumbani kwao hakuna anayevuta ndani. Wale wanaoishi kwenye majengo ya familia nyingi walikuwa na kotinini ya juu kwa asilimia 45 kuliko wale wa nyumba za kujitegemea. Moshi hupita chini ya milango, kwenye nyufa za mabomba, kwenye matundu ya nyaya na mifereji ya hewa, kupitia ukuta mmoja mnaogawana. Familia inaweza kuweka marufuku kamili, ikaishika kwa nidhamu, na bado mtoto akavuta moshi wa ghorofa ya chini. Hapo ndipo hoja ya marufuku ya jengo zima inapopata uzito wake. Kanuni ya familia haivuki ukuta.

Mwenye nyumba akishika kalamu

Jaribio kubwa kuliko yote ni la Marekani. Desemba 2016, wizara ya nyumba na maendeleo ya miji ya nchi hiyo, HUD, ilitoa kanuni ya kuzitaka mamlaka za nyumba za umma zipige marufuku sigara, cigar, kiko na shisha ndani ya nyumba zote za kupanga, kwenye maeneo ya ndani ya pamoja na ofisi, na nje kwa umbali wa futi 25, yaani mita 7 na nusu hivi, kutoka kwenye jengo. Mamlaka zilipewa miezi 18 za kujiandaa, hadi mwisho wa Julai 2018. Kanuni iligusa nyumba zaidi ya 900,000 na wakazi karibu milioni 2, na HUD ilikadiria kwamba ingeokoa dola milioni 153 kwa mwaka kwa matibabu, ukarabati na moto unaoepukwa.

Angalia ilichoacha. Sigara za kielektroniki hazimo, ingawa mamlaka ya mji inaweza kuziongeza. Wapangaji wanaolipiwa sehemu ya kodi na serikali lakini wanaishi kwenye nyumba za watu binafsi hawamo. Na tajiri anayemiliki nyumba yake, bila shaka, hamo. Ndiyo maana wakosoaji wakauliza kwa nini serikali inaingia chumbani kwa maskini tu. Watetezi wakajibu kwamba serikali ndiye mwenye nyumba, na kwamba mtoto wa nyumba ya umma anastahili hewa sawa na wa ghorofa la kifahari, ambako wenye majengo binafsi walikuwa tayari wanaweka marufuku kwa sababu zao za biashara. Kwangu hoja zote mbili zina ukweli. Uamuzi ungetegemea utekelezaji.

Na utekelezaji ukawa mgumu. Watafiti walipima hewa kwenye majengo marefu ya New York, baadhi chini ya marufuku hiyo na mengine hayamo, kabla ya kanuni kuanza na mwaka mmoja baadaye. Nikotini kwenye hewa ya korido, ngazi na nyumba za wasiovuta haikupungua kwa tofauti yoyote ya maana kati ya makundi hayo mawili. Mabango yalibandikwa, mikataba ilisainiwa, hewa ikabaki ileile.

Ukitazama kwa karibu huoni ajabu. Meneja wa jengo hawezi kujua nani kavuta ndani ya mlango uliofungwa. Jirani anayesumbuliwa na moshi anaweza kuripoti, lakini anajua kwamba mwisho wa mlolongo wa maonyo kuna uwezekano wa familia kufukuzwa, na hataki kuwa yeye aliyeianzisha safari hiyo. Mzee mwenye mkongojo hawezi kushuka na kupanda mara nane kwa siku. Wengine hawatoki usiku kwa hofu ya usalama. Wakaishia kwenye ngazi, ambako moshi hupanda hadi ghorofa za juu.

HUD yenyewe ilisema kufukuza watu kusiwe njia ya kwanza, bali maonyo ya ngazi kwa ngazi. Sawa. Lakini adhabu isiyotumika haimtishi mtu, na inayotumika inamtupa mtoto nje ya nyumba kwa ajili ya kumlinda na moshi. Mtego huu hauondolewi kwa kuandika kanuni vizuri zaidi. Kinachoupunguza ni kumpa mvutaji mahali pa kwenda: eneo la nje lenye taa na paa, karibu vya kutosha kwa mtu wa mkongojo, na dawa za kuacha sigara zinazopatikana palepale jengoni siku kanuni inapoanza, si baada ya miaka miwili.

Nini kimejaribiwa kwenye nyumba zenyewe

Upande wa familia una habari bora kidogo. Jijini Atlanta watafiti walifanya kazi na watu 498 waliokuwa wamepiga simu kwenye namba ya 2-1-1, ambayo watu wa kipato cha chini huitumia kutafuta msaada wa kodi, umeme na chakula. Nusu yao walitumiwa vijarida mara tatu kwa posta na kupigiwa simu moja ya ushauri, vyote ndani ya wiki sita. Hawakuambiwa waache sigara. Waliambiwa waitoe nje tu. Baada ya miezi sita asilimia 40 walisema wameweka marufuku kamili, dhidi ya 25 kwa wale ambao hawakupewa chochote. Kwa gharama ya stempu na simu moja, hayo si matokeo ya kudharau, ingawa pia yanamaanisha kwamba wengi wa waliosaidiwa hawakufika.

Dhaka, Bangladesh, ilikuwa kinyume. Jaribio lililohusisha misikiti 45 liliwatumia maimamu kuwahimiza waumini wasivute majumbani, na baadhi ya kaya zikapewa pia taarifa ya vipimo vya hewa ya nyumba zao. Chembe za PM2.5 hazikupungua. Inavunja moyo, lakini ujue kwamba hewa ya Dhaka imechafuka hata nje, na nyumba inayopikia kuni au mkaa ina moshi wake mwingine. WHO inakadiria kwamba moshi wa majiko ya namna hiyo ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Ukiondoa sigara kwenye nyumba yenye jiko la kuni, kipimo cha chembe kinaweza kisitikisike, na mke akaambiwa na mumewe, "Unaona? Sigara yangu si tatizo." Ndiyo sababu mimi ningependelea vipimo vya nikotini kwenye mazingira kama hayo. Nikotini haitoki kwenye kuni.

Yogyakarta, Indonesia, walichukua njia nyingine kabisa. Mwaka 2011 utafiti wa kitaifa ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya watu wazima wa Indonesia walikuwa wanavuta moshi majumbani, na karibu wavutaji wote nchini humo ni wanaume. Watafiti waliona kwamba kumwambia mke amkabili mumewe peke yake ni kumtuma vitani bila ngao. Wakafanya kazi na mtaa mzima: vikundi vya wanawake, viongozi wa mtaa, mikutano ya wanaume. Mtaa ukitangaza kwa pamoja kwamba sigara ni nje, mke hamwambii mumewe chochote kipya. Anamkumbusha tu kile ambacho yeye mwenyewe alikubali mbele ya wenzake.

Nadhani hapo ndipo kiini kilipo, kuliko kwenye vijarida na mashine za kupimia. Mtu asiye na sauti ndani ya nyumba huazima sauti ya nje. Daktari wa watoto akimwandikia baba kwa mkono wake kwamba pumu ya mtoto inataka nyumba isiyo na moshi, mama hahitaji kubishana tena. Ujauzito na kuzaliwa kwa mtoto ndiyo milango mikubwa zaidi. Nyumba nyingi huanza kanuni hapo. Kwa bahati mbaya nyingi pia huilegeza mtoto akianza kutembea, kana kwamba mapafu yameshakomaa.

Kuna faida nyingine ambayo mvutaji mwenyewe huwa haitarajii. Wanaoishi kwenye nyumba zenye marufuku kamili huvuta sigara chache kwa siku, hujaribu kuacha mara nyingi zaidi, na wakiacha hukaa bila kurudia kwa muda mrefu zaidi. Sehemu ya hilo ni kwamba aliyeweka kanuni tayari alikuwa na nia. Lakini sehemu ni mazoea tu: sigara ya baada ya kula, sigara ya mbele ya televisheni, ile ya kitandani, zote zinakatika kwa sababu kila moja inahitaji viatu. Kwa yule wa ghorofa ya saba ambaye hawezi kushuka kila arosto ikimshika, vibandiko au bazoka (chingamu) za nikotini vinaweza kumvusha usiku bila moshi hata kama hajaamua kuacha kabisa. Tatizo ni bei, na kwamba mara nyingi hupewa yule tu aliyeapa kuacha.

Anayetaka kuanza kwenye chumba kimoja aanze na mambo ya mikono. Visahani vya majivu vitolewe ndani vyote, kwa sababu kisahani kilichobaki mezani ni ruhusa. Pakiti na kibiriti vikae karibu na mlango, pamoja na koti la kuvalia nje, ambalo halirudi kitandani. Iwekwe tarehe, na ijulikane na kila mtu wa nyumba, watoto wakiwemo, kwani hao ndio walinzi wasiochoka. Yule anayevuta zaidi asaidie kuitunga kanuni mwenyewe, vinginevyo ataiona kama hukumu na kuitafutia matundu.

Kisha anakuja mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila huyu amekuja na pakiti mfukoni, tena ni kaka mkubwa wa mumeo. Kanuni nyingi huvunjikia hapa, siku ya kwanza kabisa, kwa kuona haya. Kibao kidogo kilichobandikwa mlangoni kabla hajafika hupunguza kazi, maana ameshakisoma akiwa bado nje. Anayepaswa kumtoa ni yule mwenyeji anayevuta, kwa kusimama na kumwambia: "Kaka, twende nje, mimi pia huvutia huko."